Wanafanya Nini Ndani ya Monasteri?



Mapadri na wakatekista wengi wamekwisha kusikia ulizo hili. Musichana anakuja kumwona padri, anasema: «Padri, ninataka kuingia monasteri ya Wabenediktini.» Siku mbili nyuma, baba yake anakuja naye. Hakasiriki, lakini hana furaha. Anasema: «Padri, kama mutoto wangu angekuwa sista wa kufundisha watoto ao wa kutunza wagonjwa, ningeelewa. Watu wa mugini wangeona kazi yake. Lakini hawa wa monasteri wanafunga mulango. Wanafanya nini mule ndani?»

Mara nyingi tunamujibu: «Wanatuombea.» Neno hili ni la kweli. Lakini muzee anaondoka na kichwa kizito kama alivyokuja, sababu tumemupa kipande cha jibu tu. Yeye pia anaomba, na kisha kuomba anachukua jembe anaenda shambani. Anafikiri binti yake ataomba tu, na wengine watamulishia. Tena, tuseme kweli, hata sisi tuliosoma katika Seminari Kubwa hatujui vizuri namna ya kumujibu. Tulifundishwa historia ya Mutakatifu Benedikto katika kurasa chache, tukapita. Kwa hiyo tunataka kueleza hapa ginsi sala, kazi na maisha ya pamoja vinavyoshikana katika monasteri ya wanawake, na ubaya unaotokea vikiachana.

Wasomaji wetu wa Katanga wanajua jina la Benedikto tangu zamani. Mwaka wa 1910 Roma iliweka inchi ile mukononi mwa Wabenediktini wa Saint-André, karibu na Bruges katika Ubelgiji, na Jean-Félix de Hemptinne akawa mukubwa wao. Walijenga misioni, masomo na makanisa. Kwa sababu hiyo watu wetu wengi wanafikiri Mubenediktini ni mumisionari kama wengine. Lakini Benedikto mwenyewe, aliyezaliwa Nursia katika Italia karibu na mwaka wa 480, hakuandika Kanuni yake kwa wamisionari. Aliiandika kwa watu wanaokaa nyumba moja, chini ya mukubwa mumoja, mpaka kufa. Kanuni ile ina sura 73. Aliiandikia wanaume, lakini wanawake waliishika mapema, na wanaishika mpaka leo bila kugeuza musingi wake. Wanasema tu «abesi» pahali pa «abate».

Jambo moja tulisahihishe mara moja. Wengi wanasema Benedikto aliamuru: «Omba na ufanye kazi.» Maneno hayo hayamo katika Kanuni, yalienezwa na watu wa nyuma sana. Nayo yanapoteza kitu, sababu Kanuni inagawa siku kwa vitu vitatu: sala ya pamoja katika kanisa, kazi ya mikono, na kusoma Maandiko Matakatifu polepole. Mwenye kusahau kile cha tatu hataelewa namna viwili vingine vinavyoshikana.

Tuanze na sala. Benedikto anaiita Kazi ya Mungu. Anatumia sura 13, toka ya 8 mpaka ya 20, kupanga zaburi tu: zipi za usiku, zipi za asubui, zipi za muchana, zipi za mangaribi. Anataka zaburi zote 150 ziimbwe katika juma moja. Kengele ikilia, kila mutu anaacha kitu kilicho mukononi mwake na kwenda, maana Kanuni inakataza kuweka kitu chochote mbele ya Kazi ya Mungu. Masista wanaamuka mbele ya jua kutoka, ao usiku kabisa. Wanaimba Masifu ya asubui, wanashiriki Misa, wanarudi katika kanisa mara kadha muchana, wanaimba Vesperi jua likishuka, na mwisho Kompleta, kisha kimya kikubwa mpaka kesho. Nyuma ya Konsilio ya Vatikano ya Pili monasteri nyingi zilipata ruhusa ya kuimba katika luga yao na kugawa zaburi kwa namna nyingine, lakini kengele ni ile ile.

Hapa waseminari watusamehe kidogo. Tunajua namna breviari inavyosemwa mara nyingine: mbio, midomo inakwenda, macho yanatazama saa. Sisi wenyewe tulikuwa tukiisema hivyo katika gari, tukihesabu kurasa zilizobaki. Katika koro ya masista haiwezekani. Nusu moja ya koro inaimba mustari, nusu ya pili inangojea, tena wote wanapumzika kidogo katikati ya mustari kabla ya kuendelea. Sista mwenye haraka anaharibu pumzi ya wote. Sista mwenye huzuni anaimba zaburi ya furaha, na mwenye furaha anaimba zaburi ya kilio, sababu zaburi si yake peke yake. Ni ya Kanisa, na pengine mutu anayelia kweli siku ile ni mujane wa mugini asiyejua kusoma. Ndiyo maana ya neno lile «wanatuombea». Si kutaja majina yetu tu mbele ya Mungu. Ni kusimama pahali petu na maneno yetu.

Sasa kazi. Sura ya 48 inasema wazi kwamba watawa ni watawa kweli wakila kwa kazi ya mikono yao. Muzee wetu mwenye jembe angependa sura ile, nasi tungemusomea mbele ya kumweleza mambo mengine. Masista wanalima, wanapika, wanafua, wanashona mavazi ya Misa, wanafanya hostia, wanatengeneza vitabu, wanafuga. Kila nyumba inatafuta kazi inayofaa inchi yake na isiyovunja saa za sala. Mutunza-vitu wa monasteri, anayeitwa selerari, anapewa sura nzima, ya 31. Kanuni inamutaka aangalie jembe, sufuria na vyombo vyote vya nyumba kama vile angeangalia vyombo vya altare. Maneno haya si pambo. Mwenye kuvunja kitu kazini anakwenda kusema mwenyewe, mbele ya kuulizwa. Na fundi mwenye kujivuna kwa ufundi wake, akizani yeye ndiye anayelisha nyumba, anatolewa katika kazi ile mpaka anyenyekee.

Tupashwe pia habari za jikoni, maana pale Kanuni inaonyesha roho yake zaidi. Kazi ya kupika na kugawa chakula inazunguka kwa majuma. Jumamosi, anayemaliza juma na anayeanza wanaosha miguu ya wote. Anayemaliza anarudisha vyombo vikiwa safi, vinahesabiwa. Kisha, katika kanisa, mbele ya wote, wanaombewa, yule anayetoka na yule anayeingia. Kwa hiyo jiko linaanzia kanisani na linarudi kanisani. Wakati wa kula mumoja anasoma kitabu kwa sauti, wengine wananyamaza na kupeana mukate kwa alama ya mukono.

Kusudi maneno yetu yasikae hewani, tutaje nyumba moja inayojulikana vizuri: monasteri ya Stanbrook. Ilianza mwaka wa 1623 katika Cambrai, ambayo leo iko Ufaransa, sababu wakati ule sheria za Uingereza zilikataza maisha ya kitawa. Wasichana tisa Waingereza waliingia. Mumoja wao, Helen More, alikuwa wa ukoo wa Mutakatifu Thomas More, na baba yake alisaidia sana kwa feza. Alipewa jina la Gertrude. Watu wanaosoma maandishi yake leo wanazani alianza vizuri, sivyo. Katika miaka ya kwanza alitaabika, sala ilimuchosha, akacheka mambo ya nyumba. Padri Mubenediktini Augustine Baker, aliyetumwa kuwasaidia masista mwaka wa 1624, hakumupa sheria nyingine juu ya zile alizokuwa nazo. Alimufundisha kusoma polepole na kukaa mbele ya Mungu kwa maneno machache. Ndicho kile kitu cha tatu tulichosema juu. Musichana alipata amani, akafa kwa ndui mwaka wa 1633, akiwa na miaka 27. Masista walinakili vitabu vya roho kwa mikono yao. Kunakili kulikuwa kazi na sala pamoja, na kwa njia hiyo maneno mengi hayakupotea.

Mwaka wa 1793, wakati wa mapinduzi ya Ufaransa, maaskari waliwafukuza katika nyumba yao na kuwafunga katika Compiègne. Wanne walikufa gerezani. Mwaka uliofuata waliletwa katika nyumba ile ile Wakarmeli 16 wa muji ule. Masista wa makundi mawili hawakuruhusiwa kusemezana. Siku moja Wakarmeli walichukuliwa gafula kwenda Paris, wakiwa wanafua nguo zao za kiraia. Na tarehe 17 mwezi wa saba 1794 wakakatwa vichwa. Baba Mutakatifu Fransisko aliwaweka katika hesabu ya Watakatifu mwezi wa kumi na mbili 2024. Wabenediktini walikuwa bado na mavazi yao ya kitawa, yaliyokatazwa, na hawakuwa na feza ya kununua mengine. Wakapewa zile nguo zilizobaki za Wakarmeli. Wakazivaa, na mwaka wa 1795 wakarudi Uingereza nazo mwilini.

Walifika bila nyumba, bila shamba, bila feza. Wakafungua shule ya wasichana karibu na Liverpool, wakaishi kwa kazi hiyo. Walihama tena, mpaka mwaka wa 1838 wakanunua Stanbrook, karibu na Worcester. Nyuma, mwaka wa 1876, walianza kuchapa vitabu kwa mashini zao, na uchapaji wao ulisifiwa hata na watu wasio wakristu. Sista Laurentia McLachlan, aliyeingia mwaka wa 1884 na kufa abesi mwaka wa 1953, alisoma nyimbo za zamani za Kanisa mpaka walimu wakubwa wakamwandikia barua kumuuliza, yeye hakutoka. Mwaka wa 2009, nyumba ilipokuwa kubwa mno kwa hesabu yao na ya gali mno kutunza, waliiacha, wakajenga ndogo katika Wass, upande wa kaskazini wa Uingereza. Kuacha nyumba ya miaka 170 si kitu chepesi kwa mutu aliyeahidi kukaa pahali pamoja. Lakini ahadi ile, tunayoiita ya kukaa imara, inafunga mutu kwa wenzake kuliko kwa mawe. Wote walihama pamoja.

Sasa tuseme kosa, maana wasomaji wetu hawafaidike na picha isiyo na kivuli. Kwa karne nyingi, katika monasteri nyingi za wanawake wa Ulaya, kulikuwa makundi mawili ndani ya nyumba moja. Kulikuwa masista wa koro, waliojua kilatini na mara nyingi waliotoka katika jamaa zenye mali. Na kulikuwa masista wa kazi. Wale wa kwanza waliimba zaburi. Wale wa pili walipika, walifua, walilima, wakasema Baba Yetu mara nyingi pahali pa zaburi. Hawakuwa na sauti katika kuchagua abesi. Walikaa nyuma katika kanisa na mwisho katika meza. Wengi wao walikuwa watakatifu, hatusemi hapana. Lakini tunafikiri pale sala na kazi ziliachana kabisa, sababu zilitiwa katika miili miwili. Mumoja akaomba kwa mikono laini, mwingine akachoka bila zaburi. Benedikto hakupanga hivyo. Jikoni kwake kila mutu anaingia kwa zamu. Konsilio, katika maandishi Perfectae Caritatis ya mwaka wa 1965, namba 15, iliomba jamaa za masista ziwe na kundi moja tu. Masista wazee waliokuwa jikoni miaka mingi walianza kuchukua kitabu cha zaburi mukononi.

Na sisi Waafrika tusicheke Ulaya mbio. Musichana aliyesoma masomo makubwa akiingia nyumba moja na yule aliyemaliza shule ya musingi tu, ni rahisi sana mumoja akapewa kalamu siku zote na mwingine jembe siku zote. Hakuna mutu aliyeamuru, inatokea tu. Tena kuna luga na kabila. Mama Mukubwa asiyeangalia zamu za jikoni na shamba ataona siku moja ana nyumba mbili.

Kuhusu maisha ya pamoja, Kanuni inatoa sheria inayoshangaza watu wetu. Mukubwa na mudogo hawajulikani kwa miaka ya kuzaliwa, wala kwa ukoo, wala kwa masomo. Aliyeingia saa ya pili ya siku ni mudogo wa yule aliyeingia saa ya kwanza, hata kama ana mvi. Kwetu, ambako muzee ni muzee, jambo hili linauma. Tulisikia watu wakiuliza: je, si dharau? Hapana, sababu Kanuni ile ile inaamuru wadogo waheshimu wakubwa, wakubwa wapende wadogo, na inataka wazee na watoto wahurumiwe katika chakula na katika saa za kula. Na kila mara nyumba ina neno kubwa la kukata, abesi anaita wote, anauliza shauri hata la yule mudogo kabisa, maana mara nyingi Mungu anaonyesha mudogo lililo bora. Kisha anakata yeye, naye atajibu mbele ya Mungu.

Hakuna mwenye kitu chake, hata kalamu. Lakini vitu havigawiwi sawa sawa kama posho ya maaskari. Kila mumoja anapewa kwa kadiri ya uhitaji wake. Anayehitaji kidogo amushukuru Mungu asihuzunike, anayehitaji zaidi anyenyekee. Mwenye kuishi na watu anajua ugumu wa sheria hii. Sista mumoja anapewa blanketi ya pili, na usiku ule wenzake wawili hawalali vizuri, wala si kwa baridi. Benedikto alijua. Ndiyo sababu aliamuru Baba Yetu isemwe kwa sauti ya mukubwa, wote wakisikia, asubui na mangaribi kila siku, kusudi miiba ya ugomvi inayoota ndani ya nyumba iondolewe kwa ahadi ya kusamehe. Mara mbili kila siku: hakufikiri mara moja inatosha.

Ni lazima tuseme pia juu ya wageni, na hapa hatuwezi kukaa Ulaya. Sura ya 53 inataka kila mugeni apokelewe kama Kristu mwenyewe, zaidi maskini. Mwezi wa ine 1994, katika Rwanda, maelfu ya Watutsi walikimbilia monasteri ya Wabenediktini ya Sovu, karibu na Butare, na nyumba ya wagonjwa iliyo kando yake. Wengi sana waliuawa pale. Mwaka wa 2001 baraza la Bruxelles liliwahukumu masista wawili wa nyumba ile, mumoja wao mukubwa wake, kwa kushiriki katika mauaji hayo. Kati ya masista wengine kulikuwa waliopoteza wazazi na ndugu zao siku zile. Wengine walirudi baadaye katika nyumba ile ile. Tunaliandika bila kupamba, sababu wasomaji wetu wa Kivu wako karibu na wanajua. Kengele ililia Sovu, zaburi ziliimbwa, shamba lililimwa. Mwenye kumweleza muzee maisha ya monasteri asimufiche kwamba mulango ule ule unaofungwa kwa ajili ya sala unapashwa kufunguliwa kwa mwenye kukimbia, na kwamba siku moja haukufunguliwa.

Basi, turudi kwa musichana wetu na baba yake. Padri asimusukume, asimuzuie. Kanuni yenyewe, katika sura ya 58, haitaki mutu aingie kwa urahisi: abishe, angojee, asomewe Kanuni yote zaidi ya mara moja, aambiwe wazi mambo magumu. Sheria ya Kanisa ya leo inafuata roho ile. Maagizo Cor Orans ya mwaka wa 2018, kwa monasteri za wanawake, yanataka mwaka mumoja wa kutazama, mwaka mumoja wa upostulanti, miaka miwili ya unovisi, na miaka mitano ya nadiri za muda. Yote pamoja si chini ya miaka tisa mbele ya nadiri za daima. Tumwambie muzee hesabu hii. Itamutuliza zaidi ya maneno yetu matamu, sababu ataona hakuna mutu anayemunyanganya mutoto kwa siku moja.

Kisha tumuulize musichana maulizo ya kweli. Je, anapenda zaburi, ao anapenda nguo? Anaweza kufanya kazi asiyoipenda, pamoja na mutu asiyemupenda, juma zima, bila kunung'unika? Amekwisha kuomba musamaha kwa dada yake mbele ya jua kushuka? Je, kuna jambo nyumbani analolikimbia, mume asiyemutaka ao deni ya jamaa? Mukatekista anayemujua tangu utoto atajibu hayo vizuri kuliko padri aliyefika paroki juzi, amwite, amusikilize.

Na kwa baba, kuna shauri moja lililo bora kuliko mafundisho. Monasteri zina nyumba ya wageni. Aende na mukewe wakati wa kutazama, alale siku mbili. Wataamushwa na kengele kabla ya jogoo. Wataona binti yao na jembe mukononi, kisha na kitabu cha zaburi, kisha na sufuria. Na zamu ya kupika ikiwa ya Mama Mukubwa juma lile, wataona pia nani anawapakulia bugali.